Matangazo ya kampeni yanafukuza wasikilizaji, au tunayasingizia?

#1 mlimani_menengai
Wadau, hamjambo. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027 na vituo vya mashinani vimeshaanza kuandika kadi za bei za siasa. Nina dai moja, naomba lipingwe kwa hoja: matangazo ya kampeni yanapunguzia redio ndogo wasikilizaji kiasi kwamba pesa zake hazifidii hasara. Mwanasiasa analipa msimu mmoja kisha anapotea miaka mitano. Aliyehama kituo mwezi wa saba harudi eti kwa sababu gavana ameapishwa.

Chukueni Nakuru. Kaunti ina wadi 55. Anayewania uwakilishi wadi akinunua spoti (tangazo fupi la redio) kwenye kituo kinachosikika kaunti nzima, anazungumza na takriban msikilizaji mmoja kati ya 55. Wale 54 wanalishwa jina la mtu wasiyeweza kumpigia kura hata wakitaka. Tena mawimbi hayajui mpaka wa kaunti: ukirusha kutoka Menengai unasikika Baringo na Nyandarua, ambako hata mgombea wa ugavana wa Nakuru hana kura. Sasa panga kumi wa aina hiyo kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi. Nani atabaki?

Kinachowahamisha watu Juni na Julai ni nini hasa kama si hicho?

#2 kondele_juu
Hesabu nzuri, lakini haijathibitisha kitu. Tangazo la mbolea ya kupandia nalo halimhusu kinyozi wa Kondele, na kinyozi hahami. Tangazo la karo za chuo halimhusu mzee wa miaka 70 kule Ahero, na redio yake iko pale pale. Kutomhusu mtu si sababu ya kutosha. Tafuta nyingine.

#3 dada_ratiba
Nimeungana na #2, na sababu nyingine iko kwenye logi ya matangazo (orodha ya kila kinachorushwa na saa yake), si kwenye siasa. Ni urefu wa pumziko.

Mwezi wa kawaida pumziko la matangazo huwa dakika 3, yaani spoti 6 za sekunde 30. Ikifika miezi mitatu ya kampeni pumziko hilo hilo linavuta hadi dakika 6 au 7, spoti 12 hadi 14. Kinacholivuta ni hiki: tangazo la siasa linalipiwa kabla ya kurushwa, taslimu au kwa M-Pesa ya kituo, wakati mteja wa kawaida anayepitia kwa wakala hulipa baada ya siku 60 au 90, pengine zaidi. Meneja wa mauzo akiona pesa mkononi hakatai. Na kila mgombea anataka saa 12 hadi saa 3 asubuhi. Mwuzie saa 8 mchana uone atakavyokuambia. Mpangaji wa ratiba anabaki na mlima wa spoti na saa tatu za kuuweka.

Kabla ya kulaumu siasa, jaribuni kufunga milango hii: spoti za siasa zisizidi mbili katika pumziko moja, wapinzani wa kiti kimoja wasikae pumziko moja, na sauti ile ile isisikike mara mbili ndani ya saa moja. Spoti ya siasa isikae ya kwanza pia. Msikilizaji akisikia siasa sekunde ya kwanza anajua yaliyo nyuma yake, mkono unaenda kwenye kitufe. Ikikaa ya tatu au ya nne, aliyekwisha kuvumilia mbili anavumilia na hiyo.

Bei ndiyo dawa ya msongamano. Asubuhi iwe ghali mara tatu ya mchana, na anayenunua kumi za asubuhi alazimike kuchukua kumi za mchana. Hapo logi inapumua.

#4 wakili_milimani
Dada, miezi mitatu hapana. Mwaka 2022 IEBC, tume ya uchaguzi, ilitenga 29 Mei hadi 6 Agosti, siku 70. Mengine yote kabla ya 29 Mei yalikuwa kujipigia debe nje ya muda wa kampeni, na ndiyo maana matangazo ya Aprili huja yamevaa nguo ya "pongezi" au "heri ya Pasaka" yenye picha na jina la mtu.

Jambo la kisheria linalogusa mada. Hapa kwetu kituo kinawajibika kwa maneno ya tangazo kilichorusha. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, inaweka faini hadi shilingi milioni 1 au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa matamshi ya chuki. Kwa hiyo kituo kina haki, na wajibu, wa kukataa au kukata. Marekani ni kinyume: kifungu cha 315 cha Sheria ya Mawasiliano ya 1934 kinakataza kituo kuhariri tangazo la mgombea mwenyewe, na kikimwuzia mmoja lazima kimpe mpinzani nafasi sawa. Tena siku 45 kabla ya mchujo na 60 kabla ya uchaguzi mkuu mgombea hulipishwa bei ya chini kabisa ambayo mteja wa muda ule anatozwa. Makundi ya nje yanayomwunga mkono hayana punguzo hilo, yanalipa bei ya soko, na wateja wa kawaida ndio husukumwa nje ya ratiba.

Kwa hiyo mtu asichukue utafiti wa kule auvalishe Nakuru. Kanuni zinazojaza mapumziko kule si zinazojaza yetu.

#5 jembe_njoro
Naongea upande wa wanaonunua. Dada yuko sahihi kuhusu msongamano, ila ameacha marudio, na marudio ni kosa letu sisi wa kampeni.

Piga hesabu ya kawaida: spoti 10 kwa siku kwa siku 70 ni mara 700. Faili moja. Msikilizaji wa kila asubuhi anayesikia tatu kati ya kumi amesikia sauti ile ile zaidi ya mara 200 kufikia kura. Tangazo la sabuni nalo hurudiwa, lakini kampuni ya sabuni inabadilisha toleo. Mgombea habadilishi kwa sababu anaona studio ni gharama, ilhali kurekodi matoleo manne mapya ni pesa kidogo sana ukilinganisha na muda wa hewani. Utaratibu unaofaa: matoleo manne, kila moja siku 10 hivi kisha linapumzishwa, na jina pamoja na kiti vitajwe ndani ya sekunde 5 za kwanza. Wengi hutaja jina sekunde ya 50 ya tangazo la sekunde 60. Kufikia hapo msikilizaji ameshahama.

Kwa nini wananunua kupita kiasi? Hakuna kikomo. IEBC ilichapisha viwango vya matumizi Agosti 2021, urais ukiwa karibu shilingi bilioni 4.4, Bunge likavitupa. Pia kuna ukweli ambao watu wa vituo hawausemi: spoti nyingi hazimlengi mpiga kura. Zinamlenga mpinzani na wafadhili. Mgombea anataka mpinzani aamke saa 12 asubuhi amsikie. Tangazo la namna hiyo halina haja ya kumpendeza msikilizaji, na msikilizaji anaisikia dharau hiyo.

#6 fundi_mawimbi
Mmepita mlango ulio wazi. Tangazo la siasa linamfukuza mtu kwa masikio yake kabla maneno hayajafika akilini.

Fuateni safari ya faili. Sauti imerekodiwa kwa simu mkutanoni, vuvuzela nyuma. Imetumwa kwa WhatsApp kama sauti ya kawaida, kwa hiyo imebanwa upya na masafa ya juu yamekatwa. Studio ya mtaani imeweka muziki chini yake, ikaongeza kompresa na limita (vifaa vya kubana sauti) mpaka mchoro wa sauti kwenye skrini umekuwa tofali, kisha ikaihifadhi MP3 ya kbps 128. Kituoni imebanwa tena na programu ya kurushia. Mita ya vilele inasema iko sawa na muziki. Ni kweli, vilele ni sawa. Wastani ndio uliopanda, desibeli 6 hadi 8 juu ya mazungumzo ya mtangazaji. Aliyeegemea redio jikoni anashtuka, anapunguza sauti. Mara ya nne anahama.

Kinachofuata hewani ni kibaya zaidi. Mashine ya kusawazisha iliyo mbele ya mtambo, Optimod au nyingine yoyote, hupandisha sehemu zenye sauti ndogo. Kila mgombea anapovuta pumzi, inapandisha kelele za umati. Akianza kuongea, inazishusha. Sauti inapanda na kushuka sekunde 30 nzima. Sikio linachoka bila mwenyewe kujua sababu.

Tiba yake. Kwanza mwambie mteja atume faili kama dokumenti, hapo WhatsApp haiigusi. Pili, pima saa moja ya kipindi chako mwenyewe kwa LUFS, kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti. Kikisoma -18, kila tangazo lishushwe hadi -18, vilele visizidi -1. Audacity ina kipengele cha kufanya hivyo na haina malipo. Tatu, sauti ya mgombea irekodiwe upya studioni na umati ukae nyuma, angalau desibeli 15 chini. Ukilazimika kutumia rekodi ya mkutano, kata kila kitu chini ya hezi 100 kabla ya kompresa, si baada yake.

Televisheni za Ulaya zina kanuni ya -23 LUFS. Marekani ina sheria ya CALM ya 2010, ya kuzuia matangazo kupaza sauti kuliko kipindi, iliyoanza kutekelezwa Desemba 2012, na inahusu televisheni tu. Redio imeachwa ijitunze yenyewe.

#7 kondele_juu
Fundi, unataka kuniambia gavana angepata kura zaidi angekata hezi 100?

#8 fundi_mawimbi
Kura sijui. Nasema kituo kingebaki na wasikilizaji wake. Ni mambo mawili, na uzi huu unauliza la pili.

#9 mwl_chavakali
Kabla hamjafika mbali: nani amethibitisha kwamba wasikilizaji wamepungua? Ninyi nyote mnaeleza sababu za jambo ambalo halijapimwa.

Hapa Kenya usikilizaji hupimwa zaidi kwa kuuliza watu kwa simu, kama GeoPoll wanavyofanya kwa SMS: ulisikiliza nini jana, saa ngapi. Tuseme kaunti yako imepata watu 100 kwenye sampuli. Kituo chako Mei kilisoma asilimia 20. Kosa la sampuli hiyo ni karibu nukta 8 juu na 8 chini, kwa hiyo ukweli unaweza kuwa 12 au 28. Julai kikasoma 14. Meneja anapiga kelele kwamba siasa imemnyang'anya wasikilizaji. Ukilinganisha miezi miwili kosa linapanuka hadi zaidi kidogo ya nukta 10, na tofauti yako ni 6. Hujaonyesha kitu. Ili nukta 6 zisimame unahitaji kama watu 300 kila mwezi, katika kaunti hiyo hiyo, na wengi wenu hamjawahi kulipia sampuli ya ukubwa huo.

Kuna na tatizo la jibu lenyewe. Msimu wa kampeni simu ngeni ikimwuliza mtu wa Molo au Muhoroni anasikiliza redio gani, anasikia swali la kabila na chama. Anajibu kituo cha "kwao", au kituo kisicho na upande, au anakaa kimya. Idadi inasogea bila mtu yeyote kugusa kitufe cha redio.

#10 luanda_k
Asante, mwalimu. Swali fupi: ile mbinu ya vituo vya Marekani kuvusha mapumziko juu ya robo saa ingesaidia hapa?

#11 mwl_chavakali
Ile inatokana na kipimo chao. Kwenye shajara za kule, ambamo msikilizaji huandika alichosikiliza, robo saa inahesabiwa kituo kikisikilizwa dakika 5 ndani yake, basi unamshika mtu dakika 5 kabla ya pumziko na 5 baada yake, umepata robo mbili. Anayekumbuka jana kwa SMS hakumbuki robo saa. Kwetu pumziko liwekwe pale linapomwudhi mtu kidogo zaidi, basi.

#12 chwele_sokoni
Mwalimu atupime atakavyo, lakini sokoni Chwele kitu kinachosemwa ni kimoja: "Redio hii imenunuliwa." Hakuna anayesema tangazo ni refu au lina kelele.

Na hawasemi hivyo kwa ajili ya spoti za sekunde 30. Spoti kila mtu anajua ni ya kulipiwa. Wanasema hivyo kwa ajili ya saa nzima ya mahojiano. Mgombea anakuja saa 1 jioni, mtangazaji anamkaribisha kama mgeni wa kipindi, maswali ni laini, wapigaji simu wote wanamsifu. Saa hiyo imenunuliwa na haijatangazwa kwamba imenunuliwa. Kesho yake mpinzani hayuko. Keshokutwa hayuko. Msikilizaji wa Bungoma au Trans Nzoia si mjinga, anaunganisha. Akihama hapo hahami kwa pumziko moja, anahama na nyumba yake yote, kwa sababu sasa hata taarifa ya habari ya kituo hicho haiamini.

Kwenye redio za lugha za mama ni kubwa zaidi. Redio ya Kiswahili ya kitaifa ikisemwa imeegemea upande, mtu anakasirika. Ya lugha ya mama ikisemwa hivyo, anahisi amesalitiwa na ndugu.

#13 dada_ratiba
Chwele umesema jambo zito, na linatibika. Saa iliyonunuliwa itajwe mwanzoni, katikati na mwishoni kwamba imelipiwa na nani. Sekunde 8 mara tatu. Wauzaji hukataa kwa sababu mgombea hulipa zaidi ili isitajwe, na hapo ndipo kituo kinapouza kitu ambacho si chake, yaani imani ya wasikilizaji.

Kuna tangazo jingine linaloponyoka logi kabisa: nyimbo. Huku Kisumu msanii wa ohangla anarekodi wimbo wa dakika 6, majina ya wagombea yamejaa ndani kama pakruok (majigambo ya sifa), unaingia kwenye orodha ya muziki na kuchezwa mara 5 kwa siku. Hiyo ni nusu saa ya kampeni ambayo haiko kwenye logi, haina ankara, na mpinzani hawezi kudai nafasi sawa. Kwenu kuna za litungu na isukuti, ni yale yale. Wimbo wenye jina la mgombea wa sasa uhamishiwe folda ya matangazo siku kampeni inapofunguliwa, ulipiwe kama tangazo au usichezwe.

#14 wakili_milimani
Nyongeza ya #13. Shirika la utangazaji la umma lina mzigo wa peke yake: Ibara ya 34 ya Katiba inalitaka litoe nafasi ya haki kwa maoni yanayopingana, na Sheria ya KBC, Sura ya 221, inataka ligawe muda wa bure kwa vyama vilivyosajiliwa wakati wa kampeni, kwa kushauriana na tume ya uchaguzi. Vituo vya binafsi havina mzigo wa muda wa bure.

Uingereza wamekwenda mbali zaidi. Tangazo la siasa la kulipia ni marufuku redioni na kwenye televisheni, vyama hupewa vipindi vyao bure, na mwaka 2013 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa kuuondoa mkatazo huo. Ningependa mfumo huo ujadiliwe hapa.

#15 jembe_njoro
Wakili, ukipiga marufuku unafunga nusu ya vituo vya kaunti kabla ya Krismasi. Mapato ya siasa ndiyo hulipa umeme wa mtambo na kodi ya mlingoti.

#16 mlimani_menengai
Jembe, kituo kinachosubiri miaka mitano ili kilipe umeme kimeshakufa. Ndiyo maana ya #1.

#17 skrini_oile
Mmezungumza redio tu. Televisheni inakwenda tofauti na inavuruga madai yenu.

Tangu mitambo ya analojia izimwe 2015, mtu ana kisanduku chenye makumi ya stesheni na rimoti mkononi. Kuhama ni sekunde moja, na kurudi pia ni sekunde moja. Kwenye matatu ya Kisumu–Busia abiria hawahami, dereva ndiye anahama, na akichoka anachomeka flashi na kituo kimewapoteza watu 14 kwa kidole kimoja. Kwa hiyo redio hupoteza watu kwa mafungu, televisheni huwapoteza mmoja mmoja na kuwapata tena.

Pili, kwenye televisheni siasa huvuta watu. Taarifa ya saa 1 na ya saa 3 usiku hujaa watazamaji msimu wa kampeni. Kinachowachosha ni mikutano ya moja kwa moja. Sheria inaruhusu mikutano saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, kwa hiyo mchana wote unaliwa na viwanja, na tamthilia iliyozoeleka saa 10 inakatwa bila taarifa. Waliokuwa wakiitazama tamthilia hiyo ndio wanaopotea, na wengi ni akina mama walioko nyumbani. Spoti haikuwagusa. Ni ratiba iliyovunjwa. Ukilazimika kurusha mkutano, punguza picha iwe robo ya skrini wakati wa tamthilia, sauti ibaki ya tamthilia, na mkanda wa maandishi chini useme mkutano kamili ni saa ngapi.

#18 kabumbu_kibuye
Wataalamu wote hawa na hakuna aliyetazama kalenda ya mpira! Ligi Kuu ya Uingereza ilimalizika 22 Mei 2022. Kampeni ikaanza 29 Mei. Ligi ikarudi 13 Agosti, kura zimeshapigwa. Mnalaumu siasa kwa watu waliofuata mpira na mpira haukuwepo.

#19 kondele_juu
Ilirudi 5 Agosti, Ijumaa, Arsenal ugenini kwa Crystal Palace. Shabiki wa kweli hasahau.

#20 kabumbu_kibuye
Sawa, tarehe 5, siku moja kabla ya kampeni kufungwa. Hoja ndiyo inapata nguvu: siku 68 kati ya 70 zilikuwa bila ligi. Mwaka 2017 ni vile vile, ligi iliisha 21 Mei ikarudi 11 Agosti, kura ilikuwa 8 Agosti. Redio zenye utangazaji wa mpira kwa Kiswahili na vipindi vya uchambuzi vya asubuhi hupoteza vijana kila Juni, kuwe na kura au kusiwe.

#21 dada_ratiba
Hilo la kalenda nalikubali kwa Jumamosi, Jumapili na uchambuzi wa Jumatatu. Halielezi Jumatano saa 1 asubuhi. Na halielezi kipindi cha wakulima.

#22 jembe_njoro
Kipindi cha wakulima kinaelezwa na boda boda. Msimu wa kampeni vijana wa boda wako kwenye misafara kuanzia asubuhi, mafuta ya bure na posho, na redio ya pikipiki imezimwa kwa sababu spika ya msafara inanguruma. Hao ndio waliokuwa wakikisikiliza kituo barabarani kuanzia Njoro hadi Mau Narok.

Jambo jingine. Kuna jaribio lililofanywa Texas mwaka 2006 kwenye kampeni ya Gavana Rick Perry: masoko ya televisheni na redio yalipangiwa kwa bahati nasibu lini yarushiwe matangazo na kwa wingi gani. Yalisogeza maoni ya wapiga kura sana, kisha athari ikayeyuka ndani ya wiki moja hivi. Naiambia kila kambi: mkirusha siku 70 mfululizo mnalipia wiki tisa zinazosahaulika. Wekeni pesa wiki mbili za mwisho. Hewa ingepumua Juni yote.

#23 mwl_chavakali
Jaribio hilo lilipima nia ya kura. Halikupima kama watu walibaki kwenye kituo. Na ukizipeleka spoti zote wiki mbili za mwisho, pumziko la dada wa #3 linakuwa dakika 12.

#24 fundi_mawimbi
Kwa hao wa wiki ya mwisho, jihadharini na ukimya wa saa 48. Kura 2022 zilifunguliwa saa 12 asubuhi ya 9 Agosti na kampeni zikafungwa tarehe 6. Kila faili ya siasa iwekewe tarehe ya kufa kwenye programu ya kurushia, saa 6 usiku wa siku ya mwisho ya kampeni, tangu siku inapopakiwa. Spoti zenye tarehe zinakufa vizuri. Zinazoponyoka ni tatu: ile iliyorekodiwa ndani ya kipindi kinachorudiwa wikendi, ule wimbo wa #13, na karatasi ya salamu iliyobaki mezani kwa mtangazaji wa usiku. Marudio yote ya siku mbili hizo yasikilizwe na mtu, si kompyuta.

#25 mlimani_menengai
Nimesoma yote. Marudio, sauti, saa za kununuliwa, kalenda ya mpira, misafara: kila moja inaweza kuwa kweli na hakuna iliyotenganishwa na nyingine. Nani ana njia ya kuzitenganisha kabla ya 2027?

#26 mwl_chavakali
Chaguzi ndogo za 27 Novemba 2025. Majimbo ya Malava, Ugunja na Kasipul yalipiga kura siku moja, katikati ya msimu wa ligi. Hapo hoja ya #18 inaondoka. Chukua kituo kinachosikika Malava, pata logi ya spoti ya kila siku kuanzia Septemba, urefu wa kila pumziko, na idadi ya ujumbe wa wasikilizaji kwa kila saa. Meseji za studio hazigharimu sampuli na ziko kwenye mfumo tayari. Linganisha saa zenye spoti nyingi za siasa na saa zisizo nazo, ndani ya siku ile ile. Ukilinganisha ndani ya siku moja, hali ya hewa, bei ya unga na msafara vyote vinabaki sawa kwa sehemu kubwa.

#27 kabumbu_kibuye
Na ukitaka kipimo cha pili, AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, imepewa Kenya, Uganda na Tanzania. Ikichezwa Juni na Julai kama ilivyopangwa, mara hii mpira utakuwa ndani ya kampeni.

#28 dada_ratiba
Ugunja na Kasipul usizitumie, mwalimu. Raila Odinga alifariki 15 Oktoba 2025 na redio za Dholuo zilibeba maombolezo wiki kadhaa. Usikilizaji ulipanda, ratiba zilivunjwa, matangazo yaliondolewa, na meseji za studio zilikuwa rambirambi. Hakuna saa ya kawaida ya kulinganisha nayo.

#29 mwl_chavakali
Kweli. Malava basi.

#30 chwele_sokoni
Malava nayo ina shida: meseji za studio zinatoka kwa waliobaki. Aliyesema redio imenunuliwa hatumi meseji, yuko kituo kingine. Utapima hasira ya nani?

#31 mwl_chavakali
Namba za simu ziko kwenye mfumo. Chukua zilizotuma meseji angalau mara moja kwa wiki mwezi wa Septemba, kabla spoti hazijaanza, uzifuate hadi Desemba. Zilizonyamaza Novemba na kurudi Desemba ni wa dada wa #3 au wa fundi. Zilizonyamaza na hazikurudi ni wako. Kituo kifiche namba kwa kuzipa nambari za siri kabla ya kumpa mtu yeyote nje, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko kazini.

#32 luanda_k
Kituo gani kitakubali kutoa logi hiyo?

#33 dada_ratiba
Kisichokuwa na saa za kununuliwa ndani yake. Anza kuuliza hapo.